Kisigino cha Mzee Mwinshehe

Kisigino cha kulia cha Mzee Mwinshehe kilikuwa hakijagusa ardhi kwa miaka mitatu, na mwenyewe hakuona kwamba ardhi au kisigino kilipungukiwa na kitu. Kiharusi kilimkuta shambani akipanda magimbi. Kilimwachia ulimi wake, akili yake na mkono wake wa kushoto, lakini mguu wa kulia kiliukaza kama kamba iliyolowa kisha ikaachwa juani. Goti lilikunjika kwa shida. Kigimbi kilikuwa kigumu kama mchi, na unyayo ulielekea chini, vidole mbele, mfano wa mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuingia mtoni.

Nyumba yake iko juu ya Mlali, mahali ambapo bodaboda hukata tamaa na njia hugeuka vidato vilivyochongwa kwenye udongo mwekundu. Huko mguu ule ulijitafutia kazi. Alipopanda, alichomeka vidole katika kila kidato kama anayechimbia mche, kisha akauegemea. Haukupinda wala haukutetereka. Aliposhuka, aligeuka akaukabili mlima na kwenda kinyumenyume, vidole vikitangulia kupapasa, fimbo mkononi. Alishuka hivyo kwenda msikitini, na alishuka hivyo kwenda kusuluhisha ugomvi wa wapwa zake, kwa maana yeye ndiye mjomba mkubwa wa lukolo, ule ukoo wa mama ambao ardhi yote ya pale ni yake. Watoto waliozaliwa baada ya kiharusi walidhani wazee wote wenye heshima hushuka mlima namna hiyo.

Mwanawe Hafidhi, muuza vipuri vya pikipiki kule Mwembesongo, hakudhani hivyo. Alikuja siku ya Idi, akasimama chini ya kilima na kanzu yake nyeupe, akamwona baba yake akimjia kwa mgongo.

"Baba, mbona unashuka kama mtu anayemuaga sultani?"

"Nashuka nikitazama nilikotoka. Ninyi wa mjini mnashuka mkitazama mnakoangukia."

Hafidhi hakucheka. Alikuwa na chumba cha uani chenye umeme, bomba lilikuwa mlangoni, na kutoka kitandani hadi msikitini hapakuwa na mwinuko unaozidi kizingiti. Kwa nini baba yake aishi kama mjusi ukutani?

"Binamu, ukimtoa hapa nani atatuamulia?" aliuliza Sabra, mpwa wa mzee, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua ishirini chini ya ile ya mjomba. "Au utatuletea duka lako?"

"Dada Sabra, siku akianguka, lawama itakuwa ya nani? Yako au yangu?"

Walibishana mpaka pilau likapoa. Mwisho Hafidhi alitoa neno ambalo kila mtu aliliona la haki. Baba aende hospitali, atibiwe mguu. Akitembea kama watu, abaki mlimani kwake, na jina la Mwembesongo halitatajwa tena. Asipotembea kama watu, ahamie mjini.

Mzee Mwinshehe alikubali. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kuachwa nyumbani kwake, na sasa alikuwa ameonyeshwa njia.

Daktari waliyepelekwa kwake hospitalini aliitwa Juliana, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kikamba shingoni. Alikuwa amerudi hivi karibuni kutoka mafunzoni, alikojifunza kutibu misuli iliyokakamaa kwa kuzuia neva, mishipa ya fahamu inayoipelekea amri. Alifungua faili, akasoma jina, akatabasamu.

"Shikamoo mzee. Mluguru wewe?"

"Marahaba. Mluguru wa Mlali, juu. Na wewe je, mwanangu?"

"Mnyamwezi wa Urambo."

Mzee alimtazama kwa huzuni kubwa. "Ya Rabi! Nimeshuka mlima wote ule kuja kutibiwa na mpagazi!"

Hafidhi aliinamisha uso. Muuguzi Grace, aliyekuwa pembeni akiandika, alisimamisha kalamu. Lakini daktari alikuwa amekaa katika mji ule mwezi wa pili bila mtu hata mmoja kumtukana ipasavyo, na moyo wake ulichangamka.

"Na mimi," alijibu, "nimekesha na vitabu miaka yote ile, kumbe Mungu ananiandaa kumtibu mbuzi mawe!"

Mbuzi mawe ni yule mnyama mdogo wa miambani anayesimama kwa ncha za kwato zake. Daktari alimtaja kwa mzaha tu. Hakuutazama mguu wa mzee alipomtaja, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

Inasimuliwa kwamba Wanyamwezi walipopita chini ya milima hii na misafara ya kwenda pwani, mizigo begani, ndipo utani kati yao na wenyeji ulipoanza. Iwe hivyo au isiwe, ruhusa iliyoachwa ni pana. Mtani huweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Huweza hata kujilaza kaburini, akidai apewe chochote ndipo marehemu azikwe. Sharti ni moja: anayekasirika ameshindwa. Ni desturi nzuri, na imezuia vita vingi. Haikubuniwa kwa ajili ya fomu ya ridhaa.

Daktari alieleza tiba kwa utaratibu. Kigimbi hakikuwa na kosa, alisema. Kilikuwa kinapokea amri nyingi mno kupitia neva ya nyuma ya goti. Kwanza angeizuia neva hiyo kwa ganzi ya saa chache, ili waone mguu ungekuwaje. Wakiridhika, wiki ijayo angetumia fenoli, ambayo kazi yake hudumu miezi mitano au sita.

Mzee alilala kifudifudi. Sindano ilikuwa na waya, na waya ulipitisha umeme hafifu wa kuitafuta neva. Ilipofika mahali pake, unyayo uliruka wenyewe, mara moja, mbili, tatu.

"Mtani," mzee alisema, mdomo ukiwa kwenye shuka, "mguu huu unakuitikia wewe kuliko mimi. Umeuloga?"

"Ninyi ndio wenye uchawi. Mimi nimekuja na betri tu."

Baada ya dakika ishirini walimsimamisha. Kisigino kilishuka polepole, kama mgeni asiye na hakika kwamba amekaribishwa, kikagusa sakafu.

"Baridi," alisema Mzee Mwinshehe.

Kisha akatembea. Alitembea ukumbi mzima wa hospitali, mita thelathini za sakafu iliyopigwa deki, akageuka, akarudi, unyayo wote ukilala chini kila hatua. Grace alimpiga video. Hafidhi alitoa leso.

"Na mlimani?" mzee aliuliza alipofika.

"Jamani," daktari alisema, "Mluguru hawezi kumaliza sentensi tatu bila kutaja mlima!"

"Nasema kweli. Mguu huu mgumu ndio nguzo yangu. Ukiulainisha nitaanguka, na nikianguka utanibeba wewe, mgongoni, kama babu zako walivyobeba pembe za ndovu za watu."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kisha akakumbuka wajibu wake, akaivaa tena.

"Sasa nisikilize, mtani. Mguu unaweza kulegea kupita kiasi, goti likakuangusha. Na fenoli ikishaingia siwezi kuitoa. Utakaa nayo mpaka iishe yenyewe. Umenielewa?"

Sasa ikawa zamu ya mzee kucheka. "Loo! Mpagazi ameogopa mzigo kabla hajautwika! Choma, bibi, choma. Nikianguka nitakuangukia wewe."

Hivyo kila mmoja alikuwa amemwambia mwenzake ukweli mtupu, kwa sauti, mbele ya mashahidi wawili, na kila mmoja alikuwa amejibiwa kwa kicheko. Mzee alitia sahihi. Grace aliandika katika faili: *Mgonjwa ameelezwa, ameelewa, amefurahi.*

Wiki iliyofuata fenoli ilichomwa. Mzee aliinusa, akauliza kama hiyo siyo dawa ya kusafishia choo. Daktari, ambaye hakupenda kusema uongo, alijibu kwamba ni ndugu yake wa karibu. Wakacheka tena.

Safari ya kurudi nyumbani ilikuwa ya sherehe. Hafidhi alikuwa amenunua viatu, vyote viwili, kwani tangu kiharusi baba yake alikuwa akivaa kimoja. Pale bodaboda zilipoishia, wapwa walingoja na Sabra alipiga kigelegele. Mzee Mwinshehe aliitazama njia yake, akaweka mguu wa kulia kwenye kidato cha kwanza, akauegemea kama alivyouegemea kwa miaka mitatu.

Mguu haukuwepo. Yaani ulikuwepo, umevaa kiatu kipya, lakini vidole havikuchoma udongo na kigimbi hakikumsukuma juu. Unyayo ulilala tu kama chapati kwenye kikaango. Goti lilikunjika. Mzee aliketi chini, taratibu, mbele ya watu wote.

Alijaribu mara tatu. Wakampandisha kwa kumshika makwapa hadi kwenye kona ya kwanza, ili ajaribu kushuka kinyumenyume, maana hilo alilijua kuliko kila kitu. Vidole, vilivyokuwa vikitangulia kuipapasa ardhi, sasa vilitazama angani. Aliteremka hatua mbili kwa miguu na nyingine zote kwa makalio.

"Mtani wangu yuko wapi anibebe?" aliuliza. Mtani hakuwepo, basi wapwa wawili wakambeba hadi barabarani.

Hafidhi alitimiza ahadi yake kikamilifu. Hakulitaja tena jina la Mwembesongo. Hapakuwa na haja. Walikuwa wanaishi humo.

Na huko Mwembesongo, ni lazima ikiri hadithi hii, mzee alitembea vizuri sana. Alienda msikitini na kurudi bila fimbo. Alisimama katika safu, visigino vyake viwili sambamba na vya wenzake, jambo lililomliza mara ya kwanza. Wauza nguo walimsifu alipopita. Mtu yeyote angesema kwamba amepona, na kila mtu alisema. Jioni alikaa mlangoni pa chumba cha uani, akiitazama Uluguru juu ya mabati ya majirani, akiminya kigimbi chake kwa vidole kama mama anayebonyeza embe kujua limeiva au bado.

Kule juu, wapwa wawili waligombea mpaka wa migomba. Katika ukoo ule mpaka hauamuliwi kabla mjomba hajasimama juu yake. Sabra alipiga simu.

"Mjomba, wameshikana mashati. Waambie basi hata kwa simu."

"Nitasimamaje juu ya mpaka kwa simu, Sabra? Waambie wangoje."

"Wangoje mpaka lini?"

"Mpaka niugue."

Kila mwezi alirudi kliniki. Daktari aliushika unyayo, akaukunja juu, akaushusha, akisikiliza kwa mikono yake kama kuna ukinzani.

"Sifuri, mtani! Hakuna mkazo wowote."

"Haujarudi?"

"Haujarudi!"

"Hata kidogo?"

"Hata chembe. Usiogope!"

Mwezi wa pili daktari aliichukua video ya ukumbini, akaionyesha katika kongamano kule Dodoma, mji wenye nafasi ya kutosha ya kutembea bila kupanda wala kushuka. Walimpigia makofi. Mwezi wa tatu Mzee Mwinshehe alimwambia, "Mpagazi, nirudishie ugonjwa wangu," na daktari alicheka sana, akawasimulia wenzake wakati wa chai. Wote walikubaliana kwamba kwa utani, Waluguru hawana mfano.

Mwezi wa nne mzee aliingia, akaketi, hakumtukana mtu. Alimgeukia muuguzi.

"Binti, wewe ni mtu wa wapi?"

"Rombo, babu. Kilimanjaro."

"Una utani na Waluguru?"

"Hapana."

"Na Wanyamwezi je?"

"Nao sina, babu."

"Alhamdulillahi. Vuta kiti, kaa hapa katikati. Mimi nitakwambia wewe, na wewe utamwambia yeye."

Daktari alianza kucheka. Grace alikuwa amekwisha kuvuta kiti.

"Mwambie," mzee alisema, "kwamba nyumbani kwangu hakuna mahali tambarare isipokuwa kitanda."

"Anasema nyumbani kwake hakuna tambarare."

"Grace, nimesikia, ninakaa hapa hapa," daktari alisema, bado akitabasamu.

"Mwambie kwamba nilikuwa nikipanda kwa vidole na kushuka kinyumenyume. Mguu mgumu ulikuwa unanishika. Sasa hauna nguvu ya kunishika. Mwambie tangu aliponitibu sijafika kwangu, hata siku moja."

Grace alirudia neno kwa neno, na hakucheka, kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kucheka. Kisha akaongeza la kwake, polepole. "Daktari, hata kwetu migombani ni mteremko hivyo hivyo. Nilipokuwa nampiga ile video nilijiuliza atashukaje."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnacheka."

Tabasamu la daktari liliondoka kwa hatua, kama jua linavyoondoka nyuma ya milima ile. Alifungua faili. Palikuwa na nafasi ya jina, umri, dini, namba ya simu, umbali kutoka hospitali. Mahali pa makazi palikuwa pameandikwa *Mlali*, na mbele yake palikuwa pamebaki nafasi nyeupe ya kutosha mlima.

Alitaka kumwomba radhi, lakini hakujua amwombe kwa lugha gani, kwa kuwa hadi siku ile walikuwa na lugha moja tu.

"Grace," alisema mwishowe, "muulize anataka tumfanyie nini."

"Anataka msimfanyie kitu," Grace alijibu, bila kuuliza.

Daktari aliandika chini ya ukurasa: *Isirudiwe.* Kisha akapiga mstari chini yake.

Kuanzia hapo kliniki ile iliona jambo geni: daktari na mgonjwa wakiungoja ugonjwa pamoja, kama watu wanaomngoja mgeni kituoni. Mwezi wa tano daktari aliukunja unyayo, akasita, akaurudia.

"Moja," alisema kwa sauti ya chini, ile ya kutolea pole.

Mzee alisimama, akampa mkono.

Mwezi wa sita ilikuwa mbili, na kisigino kilikuwa kimeanza kuinuka. Mwezi wa saba kiatu cha kulia kilimvuka njiani, na mzee akakiokota, akamkabidhi Hafidhi dukani kwake, kati ya minyororo na plagi.

"Nitunzie. Siku nyingine nikipona nitakidai."

"Lakini baba, ulikuwa unatembea kama watu!"

"Nilitembea, mwanangu, na ulishuhudia. Ahadi ulitoa wewe."

Hafidhi alikiweka kiatu rafuni. Alikuwa mtu wa haki, hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake. Alifunga duka mapema, akamsindikiza baba yake Mlali, akamtazama akichomeka vidole kwenye kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka migomba ikamfunika.

Jumamosi moja ya Agosti, udongo ukiwa mkavu, Dkt. Juliana alipanda kwenda kumpima mgonjwa wake mahali anapoishi. Hakuna fomu iliyomtaka afanye hivyo. Alichukua saa nzima. Mzee alimpokea chini, akatangulia, na katika kila kona alimngoja akiwa ameegemea mguu wake.

"Mpagazi kalemewa na mkoba! Ndani yake kuna nini? Pembe?"

"Kuna... ngoja nipumue... kuna sindano yako."

Mzee alimtazama haraka. Daktari alitikisa kichwa, na mzee akaendelea kupanda.

Siku hiyo wapwa walikuwa wamekusanyika migombani. Daktari alikaa juu ya jiwe, akashuhudia kipimo ambacho mafunzo yake hayakumwonyesha. Mjomba mkubwa alipanda ukingo wa shamba, akausimamisha mguu wake wa kulia, na ncha ya kidole gumba ikachoma udongo.

"Mpaka unapita hapa," alisema, na kijiti kikapigwa mahali hapo hapo. Wagomvi hawakubishana. Nukta ile ilikuwa ndogo sana kubishaniwa. Unyayo mzima ungewapa nafasi.

Sabra alileta magimbi na chai. Walipomaliza, daktari alisimama kwenda zake, akaitazama njia. Alikuwa ametoka nchi ya tambarare, na viatu vyake vilikuwa vya ukumbini. Alishuka hatua moja, akateleza. Alishuka ya pili, akaketi.

"Geuka," mzee alisema kutoka juu.

"Nini?"

"Lipe bonde mgongo, unitazame mimi. Tanguliza vidole. Kisigino kisahau, hakina kazi huku."

Daktari alivua viatu, akavitia mkobani, akageuka. Sabra alimpa fimbo. Alishuka kidato kimoja kinyumenyume, kisha kingine, uso wake ukiuelekea uso wa mzee, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuacha mazungumzo.

"Unashuka kama unamuaga sultani!" mzee alimpigia kelele.

"Sultani gani ana mguu mmoja na nusu?"

"Huyu huyu!"

"Mtani! Nikianguka je?"

"Ukianguka sikubebi. Kwetu hatukuzoea kubeba!"

Safari hii daktari hakucheka kwanza. Alitafuta kwa vidole mahali pa kuweka mguu, akapaegemea, akahakikisha panamshika, ndipo akacheka.